Nani Anakaa Nyuma ya Land Rover

Nina askari arobaini na mmoja. Thelathini na wanane ni wa plastiki ya kijani, wale wa China wanaouzwa wamefungwa kwenye nailoni pamoja na bendera mbili na mnazi mmoja ambao hakuna anayejua unafanya nini vitani. Watatu waliobaki ni wa risasi, nikimaanisha madini yenyewe ya risasi. Ukimshika mmoja unashangaa kitu kidogo hivyo kinawezaje kuwa na uzito huo.

Wa plastiki niliwatoa Gakoromone, soko kubwa la Meru mjini, kwa akina mama wanaomwaga vitu vya watoto vya mitumba kwenye turubai. Unachuchumaa, unachambua, unatoka na askari wawili na tairi moja la kitu usichokijua. Wale watatu wa risasi niliwapata Embu, kwa jamaa wa vyuma kuukuu. Walikuwa ndani ya mkebe pamoja na mifereji mibovu na nati, wakingoja kuyeyushwa. Alinipimia kwenye mizani kama misumari. Wawili bado wana mabaki ya rangi: kaki mwilini na tarbushi nyekundu kichwani. Wa tatu kichwa chake kilikuwa kimevunjika, lakini kilikuwemo humo humo kwenye mkebe.

Nina miaka ishirini na sita. Nakaa chumba kimoja hapa Makutano, na askari wako kwenye rafu juu ya kitanda. Mgeni akiingia huuliza, "Hizi ni za mtoto?" Namwambia ni zangu. Basi, anaomba maji ya kunywa na mambo yanaishia hapo.

Kwa miaka mingi sikuona haja ya magari. Askari wa kuchezea anajitosheleza. Unaweza kumweka dirishani leo akawa analinda benki, kesho akawa anapigana na Waitaliano, keshokutwa akawa amechoka tu. Hana mwaka. Hana nchi, ukiacha ile nguo. Ukimwekea gari kando yake, mambo yanabadilika. Gari lina mwaka lilipotengenezwa, lina kiwanda, lina barabara lilizopita na watu waliolipanda. Ukishaliegesha pale, askari wako naye anapata tarehe, na itabidi ueleze alikuwa anafanya nini siku hiyo.

Hayo niliyajulia kazini. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kabisa kupatikana, nikaingia kazi za kuandika mtandaoni. Unaandika juu ya godoro, unaandika juu ya meno ya mbwa, unalipwa kwa idadi ya maneno. Siku moja nikapata mteja wa Uingereza anayeuza vitu vya kuchezea vya zamani. Alitaka maelezo mafupi ya magari ya kijeshi, moja moja, ya kuwavutia wakusanyaji. Niliandika maelezo zaidi ya mia moja. Ndivyo mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli alivyokuja kujua magari ya Dinky na Britains kuliko anavyojua njia za matatu za Nairobi.

Wacha nikupe kwa ufupi. Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kumwaga askari wa risasi walio wazi ndani, na kwa sababu walikula madini kidogo, bei ikashuka na watoto wengi wakawapata. Iliendelea na risasi hadi 1966. Dinky ilitoka kwa Frank Hornby wa Liverpool mwaka 1934, na miaka ya 1950 ikatoa magari ya jeshi la Uingereza lenyewe: lori la Bedford, Austin Champ, Daimler ya deraya, kifaru cha Centurion. Yaani mtoto wa Liverpool mwaka 1955 aliweza kusukuma kwenye zulia magari ya jeshi lile lile ambalo wakati huo lilikuwa huku kwetu mlimani.

Na Britains, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa na seti ya King's African Rifles. Tarbushi nyekundu, nguo ya kaki, bunduki begani. Nilipoiona kwenye orodha ya mteja nilisimama, nikaenda kwenye rafu, nikawashusha wale wangu wa Embu. Ndio hao. KAR iliundwa mwaka 1902 na ikaishi mpaka uhuru, ilipogeuka kuwa Kenya Rifles. Watu wa huku waliingia humo, wakapelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China, alipigana Burma na KAR kabla ya kuingia msitu wa Mlima Kenya kupigana na waliomfundisha bunduki.

Nikaamua watapata gari. Swali likawa, lipi?

Hapa ndipo kila mkusanyaji hugonga ukuta wa kwanza, nao ni kipimo. Askari wa Britains ana urefu wa milimita 54, ambao ni kama 1 kwa 32 ya mtu mzima. Magari mengi ya kijeshi ya Dinky ni madogo, karibu 1 kwa 60. Ukimsimamisha askari huyu kando ya lori hilo, anaonekana jitu linalosubiri kupanda kigari cha mtoto. Magari ya 1 kwa 32 yapo, lakini ukijumlisha bei, posta na ushuru unapata kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kwa hivyo ningetengeneza mwenyewe, na hilo halikunitisha. Mimi nimekulia Meru. Kila mvulana niliyecheza naye aliwahi kuunda gari la waya.

Sisi tulikuwa tunaunda pikapu za miraa. Mnazijua, zile zinazotoka Maua zikielekea Nairobi kama zimeibwa. Waya tuliung'oa kwenye ua wa mtu, magurudumu tuliyakata kwenye ndara kuukuu, usukani ukawa mti mrefu wa kushikia ukikimbia nyuma. Mzigo ulikuwa majani ya migomba yaliyofungwa vizuri. Lakini malori ya jeshi yalipita pia, yakielekea Isiolo kwenye kambi, marefu, ya kijani, yakiongozana. Tulisimama kando ya barabara tukapiga saluti, na wakati mwingine askari mmoja alitupungia mkono. Hakuna aliyeyaunda yale malori kwa waya. Sijui kama tuliogopa au ni vile tu pikapu ya miraa ilikuwa na kasi zaidi.

Niliorodhesha magari matatu. La kwanza ni Marmon-Herrington, la deraya, lililotengenezwa Afrika Kusini juu ya fremu ya Ford na kutumika kwenye vita vya Ethiopia mwaka 1941. Lina pembe nyingi, na bati langu lingekataa. La pili ni lori la Burma, lakini lori bila matope na bila mto wa kuvuka halisemi chochote. La tatu ni Land Rover.

Land Rover ilianza mwaka 1948. Chuma Uingereza kilikuwa kwa mgao baada ya vita, kwa hivyo mwili wake waliutengeneza kwa alumini. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana mkebe wa soda pia ni alumini. Urefu wa ile ya kwanza ni kama mita 3.35. Gawanya kwa 32, unapata sentimita kumi na nusu. Mikebe minne ya soda, waya wa kuanikia nguo, ndara moja, gundi, na kipande cha shuka kuukuu nilichokichovya kwenye chai ya rangi ili kipate sura ya turubai. Iliniharibia wiki tatu na ncha za vidole. Ilipokauka rangi nikaiweka mezani nikaitazama mpaka umeme ukapotea.

Nilipiga picha, nikaziweka kwenye kundi la wakusanyaji. Kisha nikaitia kwenye sanduku la viatu nikaenda Embu kumwonyesha Cucu.

Cucu ni mama ya mama yangu. Anakaa juu ya Manyatta, upande wa msitu, mahali ambapo asubuhi unaona mlima kabla hujaona ng'ombe wako. Mimi nina jina la marehemu mumewe, kwa hivyo tangu nizaliwe ananiita mume wangu, na nikichelewa kumtembelea analalamika kwa majirani kwamba mumewe amemtoroka. Nilipanda matatu Meru, tukapita Nkubu, tukapita daraja la Nithi ambapo abiria wote hunyamaza, Chuka, Runyenjes, sanduku likiwa mapajani. Embu mjini nikabadilisha gari.

"Mume wangu, umeniletea viatu?"

"Hapana, Cucu. Nimekuletea gari."

Alicheka. Nilifungua sanduku, nikaiweka kwenye kiti mbele yake. Kicheko kikaisha polepole. Aliichukua, akaipindua, akatazama chini yake kama mtu anayenunua jembe. Kisha akafunua turubai kwa kidole.

"Watu wa nyuma wako wapi?"

Nikamwambia sijawatengeneza, nilikuwa nashughulika na gari.

"Hii haikuwa inakuja bila watu," akasema.

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya Hali ya Hatari. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Serikali iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye fungu moja, KEM, na kila mtu wa fungu hilo akahitaji kibali ili kutembea. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka mashambani kwao wakasongamanishwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye walinzi. Kando ya msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa mtaro mrefu wenye vijiti vilivyochongwa ndani yake, ili waliomo msituni wasipate chakula. Waliochimba walilazimishwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Haya yote niliyajua kama ninavyojua mwaka wa Dinky. Sikuwa nimewahi kumuuliza Cucu.

Alikuwa na miaka kumi na minne mwaka 1954.

"Tulikuwa tunaisikia kabla ya kuiona," akasema. "Ikipanda kile kilima inalia. Mama anatuambia simameni, shikeni majembe. Ikifika, filimbi inapigwa. Tunachimba mpaka jua liende huko." Akaonyesha kwa kidevu. Kisha akarudi kwenye gari langu, akapima sehemu ya nyuma kwa kidole. "Walikaa watatu huku na watatu huku, wakitazamana. Babu yako alikaa hapa." Kidole kilikuwa kwenye pembe ya mwisho, karibu na mlango wa nyuma.

Nilidhani nimeelewa. Nikamuuliza, "Alikuwa amefungwa?"

"Hapana. Alikuwa ameshika mkuki."

Kuku walikuwa wanapita. Hakuinua macho.

Homugadi. Neno hilo nimelisikia likitajwa matangani kwa sauti ya chini, likiwahusu watu wa familia nyingine. Babu ninayemkumbuka alifuga nyuki na alikataa redio isizimwe saa ya habari. Marufuku dhidi ya Mau Mau ilipoondolewa mwaka 2003, wazee wengi wa huku walianza kusimulia. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi iliposimamishwa Nairobi, walisimulia zaidi. Babu aliongeza sauti ya redio. Alifariki 2009. Miaka minne baadaye serikali ya Uingereza ilisema inasikitika na ikakubali kuwalipa wazee 5,228 waliokuwa wameteswa. Cucu hakwenda kujiandikisha popote, na nyumbani hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Sasa ulimjulia wapi, Cucu?"

"Hapo hapo. Alikuwa anatuangalia tukichimba."

"Na bado ukaolewa naye?"

"Niliolewa vita vikiwa vimekwisha. Alikuwa na ile karatasi ya kupigia kura, alikuwa na shamba." Alinyamaza kidogo. "Kuna siku mama yangu alichoka akakaa chini. Ilikuwa haramu kukaa. Babu yako akageuza uso akatazama mlima mpaka mama akapumzika. Siku nyingine mama akakaa chini, na yeye hakugeuza uso."

Nilingoja aendelee. Aliifunika Land Rover turubai lake, akanirudishia, akaenda kuweka chai jikoni.

Ile karatasi ni cheti cha uaminifu. Kwenye uchaguzi wa mwaka 1957, wa kwanza ambao Waafrika waliwachagua wawakilishi wao wa baraza la kutunga sheria, mtu wa KEM hakupiga kura bila cheti hicho. Kwa hiyo kura ya kwanza katika ukoo wa mama yangu ilipigwa kwa sababu ya pembe ile ya gari. Labda na shamba ambalo mama yangu alisomeshwa kwa kahawa yake. Na mimi, hadi mwaka wa tatu wa chuo.

Upande wa baba, Meru, hadithi ni nyingine kabisa. Huko wanamtaja Musa Mwariama, aliyekaa msituni hadi uhuru na kutoka mwaka 1963 na nywele zake na watu wake, na kuna nyumba ambazo bado zinaonyeshwa kuwa ndizo zilipeleka chakula. Wazazi wangu walioana bila mtu kuuliza. Ukiangalia nywele zangu huwezi kujua nilitoka upande gani wa mtaro.

Nimerudi Meru na kazi mpya. Nimewakata askari watano wa kijani kiunoni kwa kisu cha moto, nikawakunja miguu, nikawakalisha. Kofia zao za chuma nimezisugua mpaka zikaisha. Wa sita ni yule wa risasi aliyevunjika kichwa. Wakusanyaji wana njia ya zamani ya kumtengeneza askari wa aina hiyo: kwa kuwa yuko wazi ndani, unachomeka kijiti cha kiberiti shingoni, unarudisha kichwa juu yake, kisha unatia gundi. Nimevunja kanuni ya wakusanyaji kwa kumkunja magoti, na bunduki nimeikata. Mkuki wake ni kipande cha waya. Amekaa kwenye pembe ya mwisho. Gundi sijatia, kwa hivyo kichwa chake bado kinageuka.

Chini ya gari nimeweka sanduku la mbao lenye udongo mwekundu wa Manyatta, niliobeba kwenye mfuko wa unga. Nimechimba mtaro kwa kijiko. Wanawake wenye majembe hakuna kiwanda kilichowahi kuwatoa, si London, si Liverpool, si China, basi nawafinyanga mwenyewe mmoja mmoja. Nimefika wanane.

Wiki iliyopita mtu mmoja aliyeona picha zangu kwenye lile kundi aliniandikia kutoka Uingereza. Anataka Land Rover na dereva, kwa pauni 90. Nilimtumia picha mpya, gari likiwa limesimama juu ya mtaro na watu wake. Akajibu kwa heshima kabisa kwamba kazi ni nzuri, ila angependa gari pekee, turubai likiwa limefungwa. Watu wa nyuma, alisema, wanabadilisha kitu chenyewe kikawa kingine.

Pauni 90 ni kodi yangu ya miezi miwili na chenji ya gesi. Mwenye nyumba ananisalimia siku hizi akinitazama miguuni, jambo ambalo kila mpangaji anajua maana yake. Nilimwandikia yule mnunuzi kwamba vinauzwa pamoja: gari, watu sita, mtaro, wanawake wote na sanduku. Bei ni ile ile, posta juu yangu. Hajajibu.

Jana jioni Cucu alipiga simu. Hakuuliza habari ya kodi wala ya kazi. Aliuliza kama wanawake wamekwisha.

"Bado, Cucu. Wamebaki wachache."

"Na mama yangu umemkalisha?"

Nilikuwa naye mkononi, udongo haujakauka. Nikamwambia ndio namkunja magoti sasa hivi.